Hukuniuliza

Kuna kimya cha dakika moja ambacho nimekibeba moyoni tangu Februari 2019, nacho ndicho kilichonikalisha kitako kuandika kurasa hizi. Nilikuwa nimesimama uani kwetu, mjini Leicester, Uingereza, nikiuza gari. Mnunuzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekuja na mchumba wake. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke kama wafanyavyo watu wasiojua watazame nini, akaingia ndani, akapitisha kiganja ukutani juu ya kitanda. Kiganja chake kilipita vidole vinne tu kutoka kwenye kona ambayo mimi nilijua kuwa imelowa kwa ndani. "Pasafi," alisema. Kisha akaniuliza bei ya mwisho. Nami nikanyamaza.

Hakuniuliza lolote kuhusu kona ile. Je, nilikuwa na deni la kumwambia? Swali lenyewe laonekana dogo, la watu wawili na gari kuukuu. Lakini nimeligeuza huku na huku kwa miaka, na kila nikiligeuza naona lina mizizi mirefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza nieleze gari lenyewe, maana kwetu halijazoeleka. Lilikuwa gari-nyumba: mbele ni gari kama gari lolote, nyuma ni chumba chenye kitanda, meza, jiko la gesi, friji ndogo na choo. Huko Ulaya watu wengi huzunguka nalo wakati wa likizo, wakilala ufukoni au milimani bila kulipia hoteli. Mimi nilitoka Tanga mwaka 1988, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, zamu za usiku. Hoteli kwa watu watano zilikuwa habari ya watu wengine. Mwaka 2011 tulikuwa tumejikusanyia pauni 7,000, haba na haba, na kwa pauni 6,400 tukapata gari-nyumba la mwaka 1991. Chasi na injini vilikuwa vya Kiitaliano, dizeli ya lita 2.5, na nyumba iliyobebwa juu yake iliundwa Uingereza. Lilikuwa limekwenda maili 61,000.

Aliyetuuzia alikuwa mzee mpole. Alitupikia chai. Gari lilinukia manukato ya maua, na ukuta wa nyuma ulikuwa umebandikwa karatasi mpya yenye mistari ya buluu. Mke wangu aliipenda sana karatasi ile. Nilikagua breki, nikasikiliza injini, nikatazama cheti cha ukaguzi wa kila mwaka ambacho serikali ya kule hudai kwa magari. Kila kitu kilikuwa sawa. Sikujua wakati ule kwamba cheti kile huliangalia gari tu: breki, taa, usukani, matairi, kutu ya chasi, moshi. Nyumba iliyo juu ya chasi hakiigusi.

Novemba mvua zikaja, zile mvua za Uingereza zisizo na radi wala haraka, zinazonyesha kama mtu anayedai deni. Manukato ya maua yakaisha, ikabaki harufu ya gunia lililolowa. Nikabandua ncha ya karatasi ya buluu. Nyuma yake plaiwudi ilikuwa nyeusi, na nyuma ya plaiwudi, mbao za fremu zilitoka mkononi mwangu kama mkate uliotoswa kwenye chai.

Hapa sina budi kueleza namna magari haya yanavyokufa. Ukuta wa gari-nyumba la aina hii ni kama sandwichi. Nje ni bati jembamba la alumini, ndani ni plaiwudi nyembamba, katikati ni fremu ya mbao na povu la kuzuia baridi. Pale kuta zinapokutana hufunikwa kwa ukanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu juu ya gundi ya kuzibia. Gundi ile hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Skrubu hushika kutu. Maji huingia tone kwa tone, na mbao huoza kwa siri miaka mitatu, minne, kabla jicho halijaona doa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ilikuwa karatasi mpya ya mistari ya buluu.

Nilimpigia simu yule mzee. Sikumtukana. Nilimwuliza tu kama alijua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile ya upole: "Hukuniuliza."

Neno lile liliniuma kuliko hasara, kwa sababu sikuwa na jibu lake. Nilikwenda kuuliza sheria, nikakuta sheria iko upande wake. Mfanyabiashara wa magari hubanwa na mengi, lakini mtu binafsi anapomuuzia mwenziwe kitu kilichotumika, sheria ya Uingereza husimama juu ya kanuni ya kale: mnunuzi na afumbue macho yake mwenyewe. Muuzaji akiulizwa akajibu uwongo, anashtakika. Gari ambalo ni hatari barabarani haruhusiwi kuliuza litumike hivyohivyo. Lakini kwa ukuta uliooza, asipoulizwa, kwa kawaida halazimiki kufungua kinywa. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kosa lilikuwa langu kwa kutolifungua gunia.

Baadaye nikaja kugundua kwamba ugomvi wangu na yule mzee ulikuwa umekwisha kugombwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla yetu. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, aliueleza katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Anatupa mifano miwili. Wa kwanza ni mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, meli yake imejaa nafaka kutoka Alexandria, naye anajua kwamba nyuma yake zinakuja meli nyingine nyingi. Je, awaambie watu, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Wa pili ni mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kuwa ina nyoka vyumbani na mbao zake zimeoza. Niliposoma habari za mbao zilizooza nilicheka peke yangu.

Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wazozane. Diogenes wa Babiloni anasema kutosema ni jambo moja na kuficha ni jingine. Muuzaji ataje yale ambayo sheria inamtaka ayataje, asidanganye, basi. Mnunuzi naye ana akili. Hakuna aliyemlazimisha kununua. Kama kila mtu angetakiwa kusema kila anachokijua, kusingekuwa na kuuza tena, kungekuwa na kupeana tu. Antipater, mwanafunzi wake, anamkatalia. Anasema kunyamaza hivyo ni sawa na kumwona mtu aliyepotea njia ukakataa kumwonyesha, jambo ambalo huko Athens lililaaniwa hadharani. Cicero mwenyewe anaamua kwamba wauzaji wote wawili walipaswa kusema.

Mimi niliyesomea chuoni Tanga nilikuwa na kisa kingine kichwani, nacho watoto wote tulikipokea kwa walimu wetu. Mtume alipita sokoni akaona lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Udogoni nilidhani kisa kile kinahusu watu wabaya. Mzee aliyeniuzia gari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye gari lililolowa na haja ya fedha.

Fundi mmoja alitaka pauni 3,000 kurekebisha ukuta wa nyuma. Hatukuwa nazo. Jirani yangu, seremala mstaafu, alinihurumia, tukafanya wenyewe kila Jumamosi kwa majira mawili. Tulibandua plaiwudi, tukakata mbao zote zilizooza hadi kufikia mbao nzima, tukakausha kwa hita ya umeme wiki kadhaa, tukaunga mbao mpya zilizotiwa dawa. Kwa nje tukang'oa kanda za alumini, tukakwangua gundi kavu, tukapaka mpya, tukakaza skrubu zisizoshika kutu. Nikiwa juu ya ngazi nikiisindika gundi ile kwenye maungio, nilimkumbuka mjomba wangu, baharia, akitia kalafati jahazini ufukoni kwetu, akisindika pamba iliyotiwa mafuta kati ya mbao na mbao. Mjomba alikuwa akisema hakuna chombo kisichovuja. Kuna chombo ambacho nahodha wake anajua kinavujia wapi, na kuna chombo kinachozama.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimekwisha kujenga ukuta. Sikutaka kujenga wa pili. Niliandika kila kitu. Niliandika kwamba tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi ni juma na mwaka wa kutengenezwa kwake, na kwamba tairi zangu zilisoma 1401, yaani juma la 14 la mwaka 2001. Zilikuwa na miaka kumi, mashimo ya kashata bado marefu, mpira wenyewe umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Gari la namna hii hukaa zaidi kuliko linavyokwenda, na tairi zake huzeeka kabla hazijalika. Niliandika siku nilipobadilisha mkanda wa taimingi, kwa kuwa mzee hakuwa na risiti yake, na mkanda ule ukikatika huvunja injini. Niliandika kwamba wakati wa baridi kali nitumie mtungi wa propani, kwa sababu butani haigeuki kuwa gesi ipasavyo baridi inapofika sufuri.

Niliandika pia jambo lililonitisha kuliko yote. Chini ya kabati la jiko sakafu ilikuwa na matundu, na mtu mmoja kabla yangu alikuwa ameyaziba kwa matambara, bila shaka ili kuzuia upepo wa baridi. Matundu yale si kasoro. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na matundu ndiyo mlango wake wa kutokea. Wanangu watatu walikuwa wamelala juu ya sakafu ile usiku kumi na moja.

Kila Oktoba na kila Machi nilizunguka kona zote na kipima unyevu. Chini ya asilimia 15 ukuta ni mkavu; ukifika 20 uanze kuuangalia; ukipita 30 mbao zinaoza. Kona zote tulizozitengeneza zilisoma 12, 13, 14. Moja tu, ya kushoto juu ya kitanda, ilikataa. Kuifungua kungetaka kubomoa nusu ya ukuta wa nyuma ambao tulikuwa tumeujenga. Niliiziba kwa nje, nikaipima: 24. Baada ya mwaka, 22. Mwaka mwingine, 23. Haikupona wala haikuzidi. Tuliishi nayo miaka minane, tukaenda nayo Skegness, Welisi, na mara mbili Uskoti, watoto wakiimba nyuma na mvua ikipiga paa.

Miaka ile ilinifundisha jambo ambalo Diogenes na Antipater hawakulisema. Nafaka ya Rhodes huliwa ikaisha, na aliyepunjika amepunjika mara moja. Lakini kitu kikuukuu kinachohitaji kutunzwa si nafaka. Kinaishi kwa yale ambayo mwenyewe anayajua juu yake. Kona ya asilimia 22, mikononi mwangu niliyeijua, ilikuwa kero ya nusu saa kila Oktoba. Kona hiyohiyo, mikononi mwa mtu asiyeijua, ni ukuta utakaomwangukia baada ya miaka mitatu. Mbao ni zilezile, maji ni yaleyale. Kinachotofautiana ni ujuzi. Kwa hiyo muuzaji anayenyamaza hafichi kasoro tu. Ameuza gari na kubaki na sehemu yake moja, sehemu isiyomfaa yeye tena kwa lolote, nayo ndiyo ambayo mwenzake hawezi kulitunza gari bila ya kuwa nayo.

Tena tumtazame anayenunua. Mwenye fedha hununua gari jipya lenye dhamana ya kiwanda. Anayenunua gari la miaka ishirini na minane ni mtu kama mimi, aliyehesabu noti mezani mara tatu. Kwetu Afrika Mashariki tunalijua hili vizuri, maana magari mengi yanayopita barabarani mwetu yalikwisha kutumiwa na wengine kabla hayajatufikia. Kimya cha muuzaji wa vikuukuu humwangukia mara nyingi yule asiyeweza kukibeba.

Niliyajua haya yote siku ile ya Februari. Ndiyo maana naona aibu kueleza kilichopita kichwani mwangu katika dakika ile.

Mama yangu, Tanga, alikuwa amezeeka, na bati za nyumba yake zilikuwa zimetoboka. Nilikuwa nimemwahidi paa jipya kabla ya masika. Nilihitaji pauni 4,800, na ndiyo bei niliyomtajia yule kijana. Nikajiambia: nami niliuziwa hivyohivyo, na bora hili nimelitengeneza. Nikajiambia: ana macho. Nikajiambia: gari la bei hii nani asiyejua lina yake? Nikajiambia, na hili ndilo lililokuwa tamu kuliko yote: fedha hizi si zangu, ni za mama. Mtu akitaka kutenda jambo asilolipenda, hujitafutia mzazi au mtoto wa kulitenda kwa ajili yake. Na neno la yule mzee, lililoniuma miaka minane, nililikuta limekaa tayari kinywani mwangu kama langu: hakuniuliza.

Mke wangu akatoka na sinia la chai. Aliweka vikombe juu ya meza ndogo ya garini, na kando ya vikombe akaweka daftari. "Baba Watoto," akaniambia kwa Kiswahili, "daftari lake hili hapa." Kisha akarudi ndani. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua nilichokuwa nakinyamazia, au alikuwa tu mtu mwenye mpangilio. Sijamwuliza.

Nikafungua ukurasa wa kona ya kushoto, nikamwonyesha kijana. Akasoma, akamtazama mchumba wake. Walikunywa chai, wakashukuru kwa heshima, wakaenda zao wasirudi.

Sikujisikia mtakatifu. Nilijisikia nimepungukiwa pauni 4,800. Wiki tatu gari lilikaa uani, mvua ikilinyeshea, nami nikilitazama dirishani kwa hasira kana kwamba ndilo lililosema. Katikati ya Machi akaja mama mmoja, fundi bomba. Alikaa kwenye kiti cha dereva akasoma daftari karibu saa nzima. Kisha akatoa kipima unyevu chake mwenyewe, akakigusisha konani. Kilisoma 23. "Daftari lako linasema kweli," akasema, akatoa pauni 3,900. Nilizichukua, na daftari nikampa.

Nimejiuliza mpaka wa wajibu huu uko wapi, maana Diogenes hakukosea kila kitu. Sikuwa na deni la kusema kwamba mlango wa kabati hulia, au kwamba rangi ya mapazia ilituchosha. Kwa yale nisiyoyajua sidaiwi. Kipimo nilichokipata ni hiki: lile ambalo kesho asubuhi ningeamka kulikagua kama gari lingebaki langu, hilo ni la mnunuzi, aniulize asiniulize. Sisemi kipimo hiki ni rahisi. Mimi mwenyewe nilishindwa kukifuata kwa dakika nzima, na pasingekuwa na sinia la chai sina hakika kama ningekifuata kabisa.

Kwa zile pauni 900 zilizopungua, paa la mama halikutimia. Mafundi waliezeka vyumba vya kulala, sebule ikasubiri mwaka uliofuata. Masika yalipoanza nilimpigia simu, nikamweleza habari nzima: kona, kijana, daftari, bei. Nilitaka anisamehe, na labda nilitaka pia anisifu. Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakidondoka.

"Haidhuru," akasema. "Haya ya kwangu nayaona, mwanangu. Nimeyawekea ndoo."